Kwa nini kasida hupasuka njiani

Ndugu mmoja wa Malindi ametuandikia kwamba kikundi chao cha kasida, nyimbo za kumsifu Mtume, wanaume 24, wakikaa mkekani huimba kama mtu mmoja, lakini siku ya zefe, yale maandamano ya Maulidi, mbele wako kwenye ubeti na nyuma wangali kwenye kipokeo. Wamelaumiana sana, na wenye sauti nzito ndio waliobebeshwa mzigo.

Waacheni wenye sauti nzito. Kosa ni urefu wa mstari. Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Watazamaji wakijipenyeza na mstari ukafika mita 34, mkia humsikia kiongozi sehemu ya kumi ya sekunde baadaye, na jibu lao hurudi mbele likiwa limechelewa mara mbili. Matwari, zile ngoma za mkononi, yote yakiwa mbele, ndiyo basi tena. Yawekeni katikati, kiongozi hatua mbili mbele ya wapigaji, waitikiaji pande zote mbili. Tembeeni watatu watatu, safu nane, hatua fupi kati ya safu. Hapo mko ndani ya mita nane hivi. Pembeni wawepo wawili wasioimba, kazi yao kuzuia watu wasikate mstari. Kwenye vichochoro vya Lamu safu huwa ya wawili, pengine mmoja, na punda haombi njia: simameni mkiimba, apite. Malindi mna tuktuk, ambayo angalau ina breki.

Kati ya kuta za mawe za Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, sauti hukurudia, kila mtu akajiona fahali. Mkitokea ufukoni upepo huibeba, na watu huanza kupiga makelele bila kujijua. Mahadhi yanapanda, ifikapo ubeti wa tano wazee wamenyamaza. Basi anzeni chini ya mlivyozoea: kilele cha kasida kiwe pale mzee wenu anapofika bila kuinua kidevu. Ufukoni tembeeni upande wa nyumba.

Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, miaka mingine huangukia msimu wa kaskazi, mingine wa kusi. Kukiwa na unyevu ngozi ya mbuzi hulegea, twari likasema "bu". Washeni vifuu, si makuti. Makuti yana ndimi za moto. Vikishakuwa makaa, shika twari shubiri mbili juu yake, lizungushe, toa, gonga, rudisha. Likilia "tang", acha. Tamaa ya kuongeza ndiyo hupasua ngozi kwenye misumari.

Na fanyeni mazoezi mkitembea, jamani! Kikundi kinachokaa mkekani miezi miwili, kisha kikaingia njiani na kanzu mpya za kufagia chini, kimejitakia. Kanzu ikomee juu ya kifundo. Simu moja irekodi mbele, nyingine mkiani, kisha sikilizeni zote. Ya mkiani ikichelewa, fupisheni mstari kabla ya kumgusa mwimbaji yeyote.