Kabla Hujalipa Kodi ya Chumba Dar, Piga Kwanza Hesabu ya Njia

Kwa sisi wa kipato cha chini Dar es Salaam, nauli ni kodi ya pili. Nauza kwenye duka la vitambaa Kariakoo, na mshahara wangu haufiki laki tatu. Kila binti anayekuja mjini kuanza kazi pale mtaani kwetu namwambia jambo hilohilo kabla hajaonana na dalali: usiulize bei ya chumba peke yake. Uliza chumba pamoja na njia ya kwenda na kurudi, mchana na usiku.

Tupige hesabu. Chumba kiko ndani kabisa huko Chanika, shilingi 30,000 kwa mwezi. Kingine kipo Buguruni, 60,000, na hakina tofauti kubwa na kile cha kwanza. Mwenye haraka atachukua cha Chanika. Sasa tuseme kutoka huko unapanda bodaboda ya 1,000 hadi barabarani, halafu magari mawili, na kila gari tuliweke 600 tu ingawa nauli za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hupanda kadiri umbali unavyoongezeka. Kwenda na kurudi ni 4,400. Kwa siku 26 za kazi ni 114,400. Wa Buguruni anapanda gari moja asubuhi na moja jioni, 1,200 kwa siku, 31,200 kwa mwezi. Umeokoa 30,000 kwenye kodi, umeongeza zaidi ya 80,000 kwenye nauli, na bado unaamka saa kumi alfajiri kusimama kituoni gizani. Wa Buguruni siku akiishiwa kabisa, miguu itamfikisha.

Giza hilo ndilo linalonifanya niandike. Watu huongelea kubana matumizi na usalama kama mambo mawili tofauti, lakini ukiwa na pesa kidogo hayatengani. Anayekaa mbali na kituo hufika siku hana ile 1,000 ya boda. Siku hiyo atapita kwa miguu kwenye vichaka na mitaro saa tatu usiku, na vibaka wanaijua njia yake kuliko yeye.

Kwa hiyo chumba kikikupendeza mchana, rudi usiku. Shuka kituoni kama saa mbili, tembea hadi mlangoni kwa mwendo wako wa kawaida. Angalia kama kuna taa, kama maduka bado yamefunguliwa, kama kuna mama anayekaanga mihogo au chipsi njiani. Penye biashara ya usiku pana macho ya watu. Muulize muuza duka wa jirani, siyo dalali, maana dalali anasubiri ujira wake wa kodi ya mwezi mmoja na hatakwambia kwamba wiki iliyopita mtu kaporwa simu pale kwenye kona. Ukiweza, pita tena mvua ikinyesha. Masika ya Machi hadi Mei yanafunga njia nyingi za mji huu. Wanaotegemea kupita Jangwani wanajua mto Msimbazi ukifurika hata mabasi ya mwendokasi husimama.

Uliza pia luku, mita ya umeme. TANESCO ina kundi la matumizi madogo ya nyumbani: ukitumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi na makato. Ukizidi, unapelekwa kundi ambalo uniti inakuwa karibu mara tatu. Sasa nyumba ya vyumba vinane inayotumia mita moja haiwezi kubaki chini ya 75, hata kama wewe una taa moja na chaja ya simu. Chumba chenye mita yake, au nyumba ya wapangaji watatu wenye mita moja na mapatano mazuri, kinafaa hata kikizidi bei kidogo.

Ukidaiwa kodi ya miezi sita kwa mpigo, omba ulipe mitatu. Baba mwenye nyumba au mama mwenye nyumba akikuona una adabu na una kazi, wengine hukubali. Usimpe dalali hela kabla hujamwona mwenye nyumba, na mkataba usainiwe mbele ya mashahidi. Ofisi ya serikali ya mtaa ni mahali pazuri pa kumalizia jambo hilo, na mwenyekiti au mjumbe atakuwa amekujua sura tangu siku ya kwanza. Binti anayeishi peke yake anahitaji kujulikana na mjumbe wake.

Sasa barabarani. Daladala ndiyo usafiri wetu na sina ugomvi nayo, ila vurugu za mlangoni ndizo zinazowapa wezi kazi. Gari linaposimama na watu wanasukumana, ndipo mkono unapoingia kwenye mkoba. Ninapenda kutoka nyumbani mapema nusu saa kuliko kugombania mlango. Jioni, kama mgongo unauma au una mimba, kugeuza na gari, yaani kulipanda likielekea mwisho wa ruti ili urudi nalo, ni halali kabisa: unalipa nauli mara mbili, unakaa, unarudi umekaa. Kwa mwenye afya kila siku, hapana, hiyo ni hela ya mboga. Nauli iwe tayari mkononi au mfuko wa mbele, pesa nyingine isitoke mbele za watu. Simu kubwa ikae ndani ya mkoba na mkoba uwe kifuani. Foleni ikisimama, dirisha likiwa wazi, usiongee na simu upande wa dirisha. Mimi nina kitochi, simu ndogo ya vitufe, cha njiani, na watu wangu wote wanajua nikiwa kwenye gari napatikana kwa namba ile.

Usiku magari yakiwa adimu, kuna gari dogo litakalosimama kituoni na kuita abiria kwa nauli ileile ya daladala, ndani wamekaa watu wawili watatu walionyamaza. Usipande. Hata kama umekaa kituoni saa nzima, hata kama wenzako wanapanda. Watu wameporwa humo, wamelazimishwa kutaja namba za siri za simu, wametupwa mbali.

Bodaboda nitakaa nayo kidogo, kwa kuwa ndiko tunakojidanganya zaidi. Wawili mnapanda mishikaki ili mgawane 1,000, mnaokoa 500 kila mmoja. Nenda siku moja MOI, hospitali ya mifupa pale Muhimbili, uone waliolazwa kwa ajali za pikipiki, uone na ndugu zao walioacha kazi zao wakipeana zamu za kuwauguza. Mguu uliovunjika unasimamisha mshahara wa miezi, na hakuna akiba ya mia tano mia tano itakayoulipa. Kwa hiyo: panda peke yako, vaa kofia ngumu, na kama unaogopa uchafu wake beba kitambaa chepesi cha kujifunga kichwani kwanza. Patana bei kabla hujakaa. Dereva akiingia njia ya mwendokasi ili awahi, mwambie akushushe. Mwenyewe nachukua vijana wa kijiwe kimoja tu, wanaojulikana na kiongozi wao, na nikipanda usiku mdogo wangu anatumiwa namba ya pikipiki. Kijana mzuri hachukii ukimwambia apunguze mwendo. Anayechukia, mshukie hapohapo umlipe alipofika.

Kwenye chakula sitasema mengi, kila nyumba ina yake. Chakula cha mchana cha kununua kila siku ni 2,000 au zaidi, na ukibeba wali maharage wako kwenye hotpoti umerudisha nauli ya siku. Maharage yaloweke usiku, yatakula mkaa kidogo. Unga, mchele na maharage tunachangishana majirani watatu, mmoja anaenda Tandale kununua kwa wingi, tunagawana kwa mizani. Ukinunua robo robo dukani kwa Mangi unalipa zaidi bila kujua. Mboga nunua jioni, mafungu yanapokuwa yanamalizwa.

Pesa yenyewe nayo inahitaji ulinzi. Siku ya mshahara usizunguke nao Kariakoo. Nusu iende kwenye simu, na ukitaka kutoa, toa mchana kwa wakala unayemjua, kwa kiasi kikubwa mara moja, kwa sababu makato ya kutoa kidogo kidogo yanauma. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ufute bila kujibu. Mchezo wa kupeana pesa kwa zamu na watu unaofanya nao kazi ni mzuri, ilimradi wawe wachache na mnajuana makwao. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ikimbie kabisa. Nimeona mama zetu wakinyang'anywa magodoro mbele ya watoto kwa deni lililoanza na laki moja.

Kuna jambo moja nakuomba ulianze wiki hii, hata kama mengine utayaacha. Tenga noti ya 10,000, ikunje, ifiche mahali pasipo mkobani: kwenye soli ya kiatu, ndani ya kava la kitochi, kwenye pindo la sketi. Hiyo ni nauli ya dharura. Haigusi luku, haigusi mchezo, mwenzako haikopi. Inangoja usiku ule ambao bosi amekuchelewesha, mvua inanyesha, daladala zimekatisha ruti, na gari dogo la watu walionyamaza limesimama mbele yako. Itoe, mpigie kijana wa kijiwe au chukua bajaji unayoijua, ufike nyumbani. Mshahara ukiingia, rudisha noti hiyo mahali pake kabla hujanunua hata nyanya.