Ukitazama picha za zamani za milimani Kentucky, tazama na zilizo jirani nazo

Sisi tunaoishi Lexington, ambako Kiswahili unakisikia kanisani na kwenye maduka ya unga, tuna bahati ambayo wengi hawaitumii. Safari ya saa mbili hivi kwa gari inakufikisha Jackson, makao makuu ya kaunti ya Breathitt, ndani kabisa ya milima ya Appalachia. Na kabla hujawasha gari, picha za kaunti hiyo za mwaka 1940 unaweza kuzitazama bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mimi ni mlevi wa picha hizo, na watu huniuliza waanzie wapi. Huwa nawaambia: anzeni na aliyemtuma mpiga picha.

Mpiga picha huyo, Marion Post Wolcott, alikwenda Breathitt akiwa mwajiriwa wa Farm Security Administration, idara ya serikali ya Rais Roosevelt iliyosaidia wakulima fukara. Bosi wake, Roy Stryker, alitaka picha za kuushawishi umma kwamba shida ipo na msaada unahitajika. Kazi ya heri, sibishi. Ila aliyetumwa kutafuta dhiki hurudi na dhiki. Wenzetu waliopita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hawahitaji kuelezwa hili. Kamera ya shirika ikifika, mtoto aliyekwisha kuogeshwa na kuvalishwa hapigwi picha.

Ndiyo maana picha moja haitoshi. Ile inayosambazwa sana ni ya watu wakilipeleka jeneza lililoundwa nyumbani, wakipanda nalo kwenye mkondo wa kijito kuelekea makaburi ya familia mlimani. Ukiiona peke yake utasema hawa watu wameachwa na dunia. Sasa tafuta namba ya uhifadhi iliyo kwenye maelezo ya picha, halafu bonyeza kiungo cha kuonyesha zilizo jirani nayo. Endelea kupekua na utafika kwenye picha za ibada ya kumbukumbu ya marehemu: wahubiri, ndugu na marafiki wamekusanyika makaburini, wamevaa nguo zao za Jumapili. Huko milimani wahubiri walikuwa wachache na njia mbovu, kwa hiyo mtu alizikwa upesi, na ibada yake kamili ikafanywa baadaye sana, mhubiri alipopatikana na ukoo ulipoweza kukutana. Ni kama arobaini isiyo na tarehe. Kaunti ni ileile, mpiga picha ni yuleyule, na watu si wale uliodhani.

Jambo la pili: pakua faili kubwa kuliko zote, hata kama bando litalia. Halafu kuza, na uache nyuso kwanza, uende ukutani. Nyumba nyingi za huko zilijengwa kwa mbao zilizosimamishwa wima bila fremu ya maana, na upepo ulipita kwenye nyufa. Watu walizibandika kuta kwa magazeti. Nimewahi kukuza pembe ya chumba kimoja mpaka matangazo ya viatu yakasomeka vizuri kuliko sura ya mwenye nyumba. Ukibahatika kukuta tarehe, umeshajua kwamba karatasi ile haikubandikwa kabla ya mwaka huo. Nje, tafuta nguzo za umeme. Shirika la serikali la kusambaza umeme vijijini lilianzishwa 1935, kwa hiyo waya ukifika kwenye kibanda cha bondeni, picha isiyo na mwaka imeanza kujitaja umri.

Kuhusu maneno unayoandika chini ya picha, nitakuwa mkali kidogo. Wajukuu wa watu hawa wapo, wengine tunafanya nao kazi. Mwenzangu mmoja kazini, mzaliwa wa huko, nilipomwonyesha picha ya watoto pekupeku alisema tu, "Viatu vilikuwepo. Ilikuwa kiangazi." Usiweke picha ya bibi wa mtu mtandaoni ukaandika "umaskini wa kutisha" kisha ukalala usingizi. Hasira dhidi ya kamera za wageni zina historia nzito huko. Mwaka 1967, katika kaunti ya Letcher kwenye milima hiyohiyo, mtengeneza filamu kutoka Kanada, Hugh O'Connor, alipigwa risasi akafa. Aliyemuua, Hobart Ison, ndiye aliyekuwa mmiliki wa nyumba iliyokuwa ikirekodiwa. Mauaji hayana utetezi, lakini wapo majirani waliomwonea huruma Ison kuliko marehemu, na hilo linakwambia kitu.

Ukitaka kujua nyumba fulani ilisimama wapi, nenda kwa karani wa kaunti ukaulize hati za ardhi. Jiandae kukuta hati ambayo babu aliuza madini yaliyo chini na kubaki na ardhi ya juu tu, mara nyingi kwa bei ya kutupa. Miongo baadaye mahakama za Kentucky zilizisoma hati hizo kwa namna iliyoruhusu kampuni za makaa kuchimba kwa kubomoa mlima kutoka juu, hata mwenye ardhi akikataa. Wapiga kura waliibana haki hiyo kwa kurekebisha katiba ya jimbo mwaka 1988. Kwa hiyo ukifika mahali pa nyumba ukakuta kilima kimekatwa kichwa na nyasi zimepandwa juu, usidhani umepotea njia. Linganisha mstari wa milima iliyo nyuma na ule ulio kwenye picha.