Wafugaji Wanauliza: Ndama Anavimba Tumbo, Nimtoboe?

SWALI: Shikamoo daktari. Nipo Usa River, nina ndama jike chotara ana miezi mitatu na kitu, maziwa nimemkatisha juzijuzi tu. Sasa hivi anakula majani ya viazi, ya maharage na pumba. Kila mchana akishakula tumbo linavimba upande wa kushoto, jioni linashuka lenyewe, kesho tena vilevile. Nimemnywesha mafuta ya kula hayakusaidia kitu. Jirani anasema nitoboe na kisu gesi itoke. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama. Kisu kirudishe jikoni kwanza, huyo hajafika huko.

Ng'ombe anatengeneza gesi tumboni muda wote na anaitoa kwa kubeua, sasa kubeua kukishindikana ndo unaona ule ubavu wa kushoto, pale kwenye shimo kati ya mbavu ya mwisho na nyonga, unajaa na ukiugonga kwa vidole unalia kama ngoma. Ila gesi zenyewe ziko za aina mbili na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kuna ya povu, inaletwa na majani mabichi laini jamii ya kunde kama lusini au hayo ya maharage, gesi inanaswa kwenye povu haitoki. Na kuna gesi tupu, imekaa juu inasubiri njia, labda kitu kimekwama kooni (huko kwenu kwenye maparachichi na viazi hii ipo sana) au tumbo lenyewe halisukumi vizuri. Mafuta yanavunja povu basi, kwenye gesi tupu utamaliza chupa nzima ya alizeti bure.

Wa kwako anavimba, anashuka, anarudia, na mafuta hayakufanya kitu, kwahiyo mimi nawaza gesi tupu. Mara nyingi ni ndama aliyekatishwa maziwa ghafla wakati tumbo la kucheulia halijakomaa, halafu akarundikiwa pumba. Nikuulize pia, hajawahi kukohoa au kuumwa mapafu? Maana nimonia inaweza kuacha tezi za kifuani zimevimba au ikagusa mshipa wa fahamu unaoongoza tumbo, na ndama akabaki anavimbavimba wiki nzima. Mwite daktari wa mifugo ampitishie mpira mdomoni mpaka tumboni. Gesi ikitoka kwa kishindo na ubavu ukashuka, hiyo ni gesi tupu. Likija povu tu, mafuta yanapitishwa humohumo kwenye mpira.

Kwa sasa punguza pumba, asubuhi aanze na nyasi kavu ndo apewe hayo mabichi, tena yakatwe mapema yanyauke, yasiwe na umande. Maji yawepo muda wote. Na kama maziwa yapo mrudishie kidogo umkatishe taratibu, najua yanauzika lakini mtamba nao una bei yake.

Siku ukiona ubavu umepanda mpaka juu ya mgongo, anahema mdomo wazi ulimi nje, analala anaamka, anajipiga teke tumboni, hapo usisubiri jioni. Piga simu, huku nyuma msimamishe sehemu ya mwinuko miguu ya mbele iwe juu, mfunge kijiti mdomoni kama lijamu, kamba ipite nyuma ya masikio, atatafuna na kutoa mate, hiyo inamsaidia kubeua. Asilale kwa ubavu. Ukihisi ni povu na anameza vizuri mpe mafuta ya kula mililita 100 hivi kwa pembeni ya mdomo, kichwa kiwe sawa na mgongo, wale wanaomnyanyua ndama pua juu wanamjaza mafuta mapafuni, akikohoa acha hapohapo. Mafuta ya taa hapana, hata kama babu alikuwa anatumia. Kutoboa ni kwa ndama ambaye keshaanguka anakata roho, upande wa kushoto tu, mtu anayejua na kifaa chake, na bado atahitaji dawa za kuzuia usaha tumboni.

SWALI: Wangu ana wiki mbili, akinywa maziwa ya ndoo anavimba upande wa kulia chini na kukunja mgongo. Nimpe mafuta?

JIBU: Hapana. Huyo hajaanza hata kucheua, maziwa yanaingia moja kwa moja tumbo la nne kati ya manne ya ng'ombe, lipo kulia, na likijaa gesi ndama anaweza kufa ndani ya siku moja. Mafuta, kijiti, kutoboa, vyote havimhusu, daktari aje sasa hivi. Kwa wengine waliobaki, maziwa yawe ya joto la mwili, nyuzi 38 au 39, sio yale yaliyopoa tangu alfajiri. Ndama wa kilo 35 anatosha lita tatu na nusu kwa siku, mgawie mara mbili au tatu, sio kumfidia yote jioni kwa sababu asubuhi gari la maziwa liliwahi. Na hiyo ndoo ioshwe na maji ya moto kila akimaliza.

SWALI: Tumekuta dume dogo limekufa zizini asubuhi, limevimba, damu inatoka puani. Jana lilikuwa zima. Mchinjaji anasema ni gesi tu, nyama inalika.

JIBU: Msichinje! Mzoga wowote unavimba ukikaa, kuvimba peke yake hakuonyeshi kuwa ameuawa na gesi. Kifo cha ghafla na damu kwenye pua au njia ya haja ni kimeta, ugonjwa unaoambukiza hata watu, mpaka ithibitike vinginevyo. Ukipasua vimelea vinaingia ardhini na vinakaa miaka na miaka. Fukuzeni mbwa, watoto wasisogee, mwiteni afisa mifugo wa kata, yeye ndo atasema uchomwe au uzikwe vipi. Aliyeshika mzoga anawe na sabuni, na akiona kidonda chenye kigaga cheusi au homa aende hospitali aseme wazi kwamba alishika ng'ombe aliyekufa.