Madaraja yenye paa na majani mekundu ya Vermont: mmeuliza, najibu

Kwa nini Wamarekani waliezeka daraja kama nyumba? (Msomaji, Morogoro)

Paa lile halikuwekwa kumkinga mpita njia. Limewekwa kukinga mbao. Mihimili ikinyeshewa miaka nenda miaka rudi huoza, ikifunikwa hupita karne. Daraja la Cornish–Windsor, linalovuka mto Connecticut kati ya majimbo ya New Hampshire na Vermont, Marekani, lilijengwa 1866. Lina urefu wa mita 137 hivi, na magari yanapita hadi leo. Jambo ninalolipenda kuliko yote ni hili: enzi za farasi, kipupwe kikifika, watu walichota theluji kwa koleo na kuimwaga ndani ya daraja, kwa sababu magari ya kuteleza, yanayokokotwa na farasi juu ya theluji, yasingeweza kupita juu ya mbao kavu.

Nina wikendi moja tu ya kuwatembeza wanangu waone majani mekundu. Tuende lini? (Mama watatu, Burlington)

Dada yangu, milimani na kaskazini rangi ya majani huanza mwishoni mwa Septemba. Mabonde ya kusini hukolea kuelekea katikati ya Oktoba. Mkichelewa, shukeni kusini. Ila epukeni wikendi ya sikukuu ya Jumatatu ya pili ya Oktoba, maana barabara za vijijini hufurika. Chagueni mji mmoja, kama Woodstock, mtembee kwa miguu. Watoto wataliona daraja vizuri wakisimama ndani yake wakasikia gari likipita juu ya mbao.

Wekundu wa majani hutoka wapi?

Umanjano umo ndani ya jani tangu awali, umefichwa na ukijani. Wekundu hutengenezwa upya, kwa sukari iliyobaki kwenye jani. Mchana wa jua na usiku wa ubaridi usio na jalidi huukoleza, hasa kwenye miti ya mepo (maple).

Je, naweza kuingia shambani kupiga picha? (Kijana, Nairobi)

Hapana, bila hodi usiingie. Huko Pomfret, mji mdogo wa Vermont, mwaka 2023, barabara ya Cloudland ilifungwa kwa wageni msimu wa rangi, kwa sababu wapiga picha walikuwa wakivamia viwanja vya watu. Wenyeji wanaishi pale mwaka mzima, na madaraja ni yao kwelikweli. Mafuriko ya kimbunga Irene yalipolisomba daraja la Bartonsville la 1870, Agosti 2011, wenyeji wa huko wangeweza kukubali la zege. Walijenga tena la mbao, lenye paa, likafunguliwa Januari 2013.