Mke ahamie kambini, au abaki na kazi yake?

Luteni, umeuliza kama mkeo, mwalimu huko Machakos mwenye mimba ya miezi mitano, aache kazi akufuate kambini Nanyuki. Nimeendesha ndege za mizigo za jeshi miaka 16, nimelea watoto watatu, sasa nimestaafu. Asiache kazi. Aombe uhamisho TSC, tume inayoajiri walimu, hata ukikawia. Nyumba ya kambi ni ya jeshi. Leo uko Laikipia, kesho barua inakupeleka Eastleigh, na shemeji atabaki hana mshahara wala nyumba.

Ila naona unaogopa kutengana, na kutengana watu huzoea. Kilichonishinda mimi ni kurudi.

Mwaka 2012, vikosi vyetu vikiwa Somalia, nilikaa miezi minne bila kukanyaga kwangu. Nikafika saa tatu usiku, begi begani, ufunguo mkononi. Ukakataa kuingia. Nikamulika kwa simu: kufuli jipya. Mama watoto alikuwa amepoteza funguo sokoni wiki nyingi nyuma, akanunua lingine. Hakuniambia kwa sababu simu zetu zilikuwa za dakika tatu, na mbili zilikuwa za watoto. Sasa nani alaumiwe? Nikabisha hodi mlangoni pangu. Sauti ya mtoto ikauliza ndani, "Nani?" Nikajikuta natafuta jibu.

Kesho yake nikaharibu zaidi. Nikaanza ukaguzi: mbona mtoto analala saa nne, sukari imehamishiwa wapi, nani kasema televisheni iwashwe wakati wa chakula. Mke alinivumilia hadi Jumapili, kisha akasema taratibu, "Baba Njeri, hapa hakuna gwaride." Tangu hapo, wiki ya kwanza nikirudi nilikuwa mgeni. Naosha vyombo, nauliza, siamuru kitu. Nyumba iliyoendeshwa miezi minne bila wewe ina utaratibu wake, na mara nyingi ni bora kuliko wako.

Ratiba ya kuruka utaikuta huko huko. Nanyuki iko zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na joto likipanda inazidi kuwa nyepesi, kwa hiyo ndege yenye mzigo inakula barabara ndefu ya kurukia kabla ya kupaa. Mlima Kenya nao ukiuona wazi alfajiri, saa nne mara nyingi umeshajifunika. Ndiyo maana utaondoka watoto wamelala. Zitunze jioni.

Unajua tunavyofundishwa kujikagua kabla ya kukagua ndege: ugonjwa, dawa, msongo, pombe, uchovu. Wengi tunaipita kama sala ya chakula. Siku moja binti yangu alilazwa, nikakesha kwenye kiti cha wodini, asubuhi nikaenda kazini nimejifanya mzima. Mkuu wa kikosi akaniuliza tu, "Umelala saa ngapi?" Nikasema ukweli. Mwenzangu akachukua safari. Nilidhani faili langu limechafuka. Sikuwahi kusikia neno tena. Ukigombana na mkeo usiku na ukawa bado unamjibu kichwani wakati wa kuwasha injini, hiyo nayo ni sababu ya kubaki chini.

Halafu kuna lile hamtaki kulizungumza. Jioni ya tarehe 18 Aprili 2024, siku helikopta iliyomuua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Ogolla, na wenzake tisa ilipoanguka Elgeyo Marakwet, nilikuwa raia tayari, lakini mke wangu alizima televisheni akakaa kimya jikoni. Jenerali mwenyewe alikuwa rubani wa ndege za kivita, na alikuwa ameacha maagizo azikwe upesi, ndani ya saa 72. Akazikwa Jumapili hiyo hiyo, Siaya. Watu wake hawakuhitaji kubishana. Wewe je, shemeji anajua hati ya shamba iko wapi? Jina la nani liko kwenye fomu zako za mrithi, lake au bado la mama yako? Angalia kabla mtoto hajazaliwa.

Uliuliza pia umwambie nini kuhusu safari. Njia na mzigo, hapana. Mimi nilimpa saa: "Ikifika saa mbili usiku sijapiga, mpigie mke wa fulani." Kwa miaka yote hiyo alipiga mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa mesi nakula, simu imeisha chaji.