Kabla hujanunua friza, hesabu saa za giza

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Dodoma. Kikoba chao cha kuweka akiba na kukopeshana kinavunjwa mwisho wa mwaka, kila mtu achukue chake, na yeye anategemea kupata kama milioni moja na nusu, na anataka kuanza biashara ya samaki na kuku wa kugandisha kama yangu. "Dada shikamoo. Nataka ninunue friza kubwa nianze moja kwa moja. Naomba mchanganuo wa faida."

Marahaba mdogo wangu. Mchanganuo ninao, ningeweza kukuandikia hata nikiwa nimesimama kwenye daladala. Nimekaa siku mbili bila kukujibu kwa sababu mwaka 2022 na mimi niliomba mchanganuo huohuo kwa mtu aliyenitangulia, akanipa, na kila namba aliyonipa ilikuwa ya kweli. Nilianguka nikiwa nazo zote mkononi. Kwa hiyo nakujibu hapa, na wengine wenye ndoto ya friza wasome.

Nilianzia Chamazi, Dar es Salaam, kwenye chumba na sebule tulichopanga mimi na mume wangu. Friza ya lita 300 niliinunua Kariakoo kwa Sh950,000, ikaja kwa kirikuu, na watoto wa mtaa wakaisindikiza kutoka barabarani hadi mlangoni. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kuwahi mnada wa Feri, lile soko kubwa la samaki la Dar. Wanaoijua Feri wanajua: ukichelewa unanunua kwa mchuuzi aliyenunua mnadani, na faida yako imeshabaki kwake. Vibua, changu, mara mojamoja jodari. Kuku wa kisasa niliwachukua kwa mfugaji wa Mbande, wameshanyonyolewa. Wateja wangu walikuwa wapangaji wasio na friji, mama lishe watatu wa pale kituoni, na jioni watoto wa barafu za ubuyu na ukwaju. Usizidharau barafu za watoto. Mwaka mzima ndizo zilizoninunulia LUKU.

Na hapo kwenye LUKU ndipo nilipoanza kuona kwamba mchanganuo una matundu. Nyumba yetu ilikuwa kwenye bei ya chini, ile ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambapo Sh1,000 ilikuwa inakupa uniti 8 na ushee. Friza ilipoingia tukavuka. Tukapandishwa, na Sh1,000 ileile ikawa inatoa uniti 2.8. Wapangaji wenzetu tuliokuwa tunachangia nao mita walinuna, na walikuwa na haki ya kununa, maana wao hawakuuza samaki hata mmoja. Nikafunga mita ndogo ya kwangu na kila mwezi nikawa nawafidia tofauti. Kwenye mchanganuo niliopewa umeme wa friza ulikuwa umeandikwa Sh7,000 kwa mwezi. Mimi nilikuwa sitoki chini ya Sh20,000, bado hiyo fidia.

Hata hivyo biashara ilikwenda, na najivunia kusema hivyo. Kufikia katikati ya 2023 nilikuwa nimelipa ada ya mtoto kwa mkupuo, nimempelekea mama yangu bati 20 kule Masasi, na wifi yangu aliyesema nitaishia kunuka shombo alikuwa ndiye anayekuja kunikopa. Sikumnyima. Lakini yale maneno sijayasahau mpaka leo.

Kisha ukaja mgao wa umeme. Wote mnaukumbuka. Ulianza kubana Septemba 2023, na hata mvua za El Nino ziliponyesha, Dar ikafurika, nyumba zikaingia maji, giza likabaki palepale. Ratiba za mgao zilikuwa zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtaa wetu ulipangiwa saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, siku tatu kwa wiki. Mimi niliiamini ratiba kama mtu anavyoamini adhana. Niliibandika ukutani juu ya friza.

Ijumaa moja ya Novemba nilikuwa na oda ya sherehe ya Jumapili, kuku 40 na kilo 25 za samaki, malipo ya awali Sh300,000 nimeshapokea na kuyatumia kununulia mzigo. Umeme ukakatika alfajiri. Sawa, siku ya mgao. Ikafika saa 12 jioni, kimya. Saa mbili usiku, kimya. Nilikuwa nafungua friza kila baada ya saa moja kuangalia kama bado wameganda, naingiza mkono, nafunga, naomba Mungu, nafungua tena. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kila nikifungua ninaitoa baridi mimi mwenyewe.

Saa nne usiku umeme ukarudi. Watoto wakapiga kelele mtaa mzima. Taa ikawaka kwa mwanga mkali usio wa kawaida, ikatulia. Taa inawaka, maana yake friza nayo inafanya kazi. Nikalala usingizi mzito wa mtu aliyeokoka.

Asubuhi nilikuta maji chini ya friza. Yalikuwa mepesi, ya rangi ya waridi, yametambaa hadi kwenye mguu wa meza, na sisimizi wamejipanga pembeni yake mstari mmoja. Niliweka sikio kwenye friza. Haingurumi. Kompresa ilikuwa imeungua pale umeme uliporudi kwa nguvu. Kuku wa juu walikuwa wamelegea kama mkate uliolowa, na nilipombonyeza mmoja pajani kidole kiliacha shimo lisilorudi. Vibua macho yalikuwa yamezama. Harufu ilikuwa bado haijawa kali, na hilo ndilo lililonitia majaribuni.

Hili sijawahi kuliandika popote. Kati ya mama lishe wangu watatu, mmoja aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilichagua vibua waliokuwa chini kabisa, wale ambao nilijidanganya kwamba wana nafuu, nikavisuuza kwa maji ya chumvi na ndimu, nikampelekea kilo nane kwa nusu bei. Nikamwambia nashusha bei kwa sababu nasafiri. Alinishukuru. Alinifungia na chapati mbili za watoto.

Jumapili jioni alikuja amebeba hotpoti. Hakupaza sauti. Aliiweka juu ya kibaraza, akafunua, samaki wa kukaanga walikuwa wamebaki vilevile. "Mdogo wangu, wateja wangu wawili wanaharisha tangu jana. Na mimi nimekula." Akaiacha hotpoti pale, akarudi kwake akitembea polepole. Wote walipona, namshukuru Mungu. Hajawahi kununua kwangu tena. Nikipita namwamkia, anaitikia vizuri kabisa, na kuitikia kule vizuri ndiko kunakoniumiza.

Ya pesa nitayapitia haraka. Mwenye sherehe alitaka Sh300,000 zake, na zilikuwa haki yake. Fundi alitaka Sh180,000 za kompresa. Kwenye kikoba nilikuwa nimeshakopa mara tatu ya hisa zangu, mwisho wa uwezo. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ilikuwa imesitishwa tangu Aprili mwaka huohuo na ilikuja kurejeshwa 2024. Nikaenda kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Nilisaini Sh500,000, nikapewa mkononi Sh450,000, marejesho Sh650,000 ndani ya siku 30, kila siku kuna kijana anapita na daftari. Biashara gani ya friza italipa zaidi ya Sh21,000 kwa siku wakati umeme wenyewe haupo? Siku ya 19 walichukua televisheni. Siku ya 26 walimwamsha mwanangu ili wachukue godoro alilolalia.

Mume wangu hakunilaumu hata neno moja. Aliazima jamvi kwa mama mwenye nyumba, akamlaza mtoto, akakaa kizingitini mpaka kulipopambazuka.

Sasa sikilizeni, dada zangu. Mtaji wa friza ni friza, mzigo, na giza. Usipoweka giza kwenye hesabu, hujapiga hesabu. Januari 2024 nilinunua daftari la Sh500, nikaanza kuandika: umeme umekatika saa ngapi, umerudi saa ngapi. Hata sikuwa na biashara wakati huo. Kwa siku 28 niliandika mara 41. Nyingi zilikuwa fupi, nusu saa, saa mbili. Ndefu kuliko zote ilikuwa saa 19. Hiyo saa 19 ndiyo namba niliyopaswa kuijua kabla sijakanyaga Kariakoo. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, inaweza kushikilia mzigo ulioganda kama siku mbili. Ikiwa nusu, ni kama siku moja. Mimi yangu ilikuwa imejaa. Ningeiacha imefungwa na kuikinga na umeme wa kurudi, wale kuku wangefika kwenye sherehe.

Ndiyo maana leo friza yangu haikai na nafasi tupu. Kuku wakipungua najaza chupa za plastiki za maji mahali pao, zinaganda, zinashikilia baridi. Umeme ukikatika nafunika kwa blanketi zito, nikiacha nyuma wazi ili friza ipumue umeme utakaporudi, na hakuna anayefungua, hata mteja awe amebeba pesa mkononi. Na nimefunga kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika kadhaa umeme ukirudi ndipo kinauruhusu. Ni cha maelfu kadhaa tu. Kompresa ilinigharimu Sh180,000. Mchanganuo wako ukiwa na friza bila hicho kifaa, uchane.

Jambo jingine nililiona Feri kwa miaka miwili bila kulielewa. Wale wauza samaki wa zamani wanatumia mabodi ya friji mbovu. Wanalilaza friji bovu chali, wanajaza barafu ya mabonge, wanapanga samaki, wanafunga mlango, na siku nzima haliombi uniti hata moja. Nilirudi kwenye biashara Machi 2024 kwa bodi la namna hiyo, nililonunua kwa fundi kwa Sh30,000. Miezi mitano niliuza samaki bila umeme kabisa. Nilichukua mzigo wa siku moja, kwa oda, nikaumaliza, kesho nikaenda tena. Faida ilikuwa ndogo na nililala usingizi. Friza niliirudisha baadaye, imeshatengenezwa, na mpaka leo bodi lipo pembeni yake. Siku friza ikigoma, mzigo unahamia.

Najua mtasema mgao umeisha. Ni kweli. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere pale Rufiji uliingia kwenye gridi na megawati 235, na mitambo yote tisa ni megawati 2,115. Nilifurahi kama Mtanzania mwingine yeyote, na nilikuwa na sababu kuliko wengi. Lakini daftari sijaliacha, kwa sababu linaniambia habari ya mtaani. Bwawa linazalisha. Umeme ukishazalishwa una safari mpaka ufike kwenye friza yako, kuna nyaya, kuna transfoma inayobeba nyumba kuliko iliyopangiwa, kuna nguzo iliyooza chini, kuna tawi la mwembe wa jirani na upepo wa kusi. Mwezi uliopita nimeandika mara 11, moja ikiwa ya saa tisa. Hakuna aliyeiita mgao. Samaki hawajui tofauti.

Tumezoea sana kupigiana hesabu za siku njema. Mtu anakuambia kuku mmoja faida Sh1,500, zidisha kwa 40, zidisha kwa siku 30, unaona nyumba Chanika. Hakuna anayekuandikia siku ya nguzo kuanguka. Hakuna anayekuandikia siku utakayosimama mbele ya friza iliyoyeyuka ukiwa na deni, na ukaanza kumtafuta jirani wa kumuuzia. Mimi nilikuwa mtu mwaminifu mpaka ile Jumamosi. Nilidhani uaminifu ni tabia niliyozaliwa nayo. Usiingie kwenye biashara ya chakula bila pesa ya kutupa mzigo, dada yangu. Iweke kabisa, iite jina lake, pesa ya kutupa. Mimi ninayo Sh200,000 kwenye simu ambayo hata mtoto akitakiwa ada siigusi. Mzigo ukiharibika unafukiwa, wateja wanaambiwa, mwenye oda anarudishiwa pesa yake. Nimeshafanya hivyo mara mbili. Mara ya pili yule mwenye oda aliniongezea wateja wawili.

Na kausha damu usiiguse. Hata kwa siku tatu. Afadhali uuze barafu za ubuyu kwa ndoo.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Dodoma, mchanganuo sijakunyima. Kikoba kinavunjwa mwisho wa mwaka, muda unao. Kanunue daftari la Sh500 na kalamu, vitundike karibu na swichi. Andika kila unapokatika na kila unaporudi, usiku na mchana, wiki nne bila kuruka siku. Uliza na jirani mmoja mwenye friji ni vitu gani vimemharibikia mwaka huu na vilimgharimu kiasi gani. Angalia pia nyumba yenu sasa hivi inatumia uniti ngapi kwa mwezi, na mita mnachangia wangapi. Ukimaliza, piga picha kurasa zote unitumie. Nitakaa nazo, nikuandikie mchanganuo wa friza ya Dodoma, mtaa wako, mita yako.