Barua kwa Mchungaji: Nimeuliza hesabu za mabati, nimeitwa Kora

Shikamoo Baba Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Geita, na ni mjumbe wa kamati ya ujenzi katika usharika wetu. Tangu sikukuu ya mavuno mwaka jana tumechangia mabati ya kanisa: bahasha, minada ya baada ya ibada, hadi akina mama wakauza vitenge vyao. Daftari langu linaonyesha shilingi 4,600,000. Mabati hayajaonekana. Kwenye mkutano wa usharika nilisimama nikaomba tusomewe matumizi, nikaambiwa yatasomwa wakati wake. Nikasema, "Hesabu hizi hata mtoto wa darasa la nne anazijumlisha." Jumapili iliyofuata mchungaji akahubiri habari za Kora, aliyemezwa na ardhi kwa kumwinukia Musa. Hakunitaja jina, ila kanisa zima liligeuka kunitazama. Mke wangu alilia njia nzima. Sasa wazee wawili wamekuja nyumbani kunishauri nikapige magoti madhabahuni, nitubu kiburi, yaishe. Baba, nina kiburi? — Mwalimu, Geita

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikwama pale mke wako alipolia. Mpe pole zangu kabla hujaendelea.

Tuanze na Kora, maana ndiye uliyepigwa naye. Fungua Hesabu 16 uisome yote, usiishie kwenye ardhi kufunua kinywa. Kora alikuwa Mlawi, kazi ya maskani alikuwa nayo tayari. Katika mstari wa 10 Musa anamwuliza kama anataka na ukuhani pia. Kora hakuuliza hesabu ya kitu chochote; alitaka kiti. Halafu nenda mstari wa 15, ambao sisi wahubiri huupita haraka. Musa amekasirika, anamwambia Mungu asiipokee sadaka ya watu wale, na papo hapo anasema hakutwaa kwao hata punda mmoja. Mtu aliyesema na Mungu uso kwa uso, ametukanwa mbele ya taifa zima, anatoa hesabu ya punda! Na hakuna aliyemwomba.

Samweli naye, mzee mwenye mvi, alisimama mbele ya Israeli akauliza, "Nimetwaa ng'ombe wa nani? Au nimetwaa punda wa nani?" Paulo alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alitaka ndugu aliyechaguliwa na makanisa asafiri nao, na sababu aliitaja waziwazi katika 2 Wakorintho 8: kuangalia yaliyo mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele za wanadamu." Hao ndio watumishi wa Mungu ninaowajua mimi. Hakuna hata mmoja aliyeona kuulizwa ni kudharauliwa.

Utaletewa pia Zaburi 105, "Msiwaguse masihi wangu." Nayo isome kuanzia mstari wa 12. Wanaosemwa pale ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa watu wachache na wageni, wakihama nchi hata nchi, na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Neno hilo lilitolewa kumkinga mgeni asiye na mtetezi asionewe na mwenye enzi. Leo linashikwa na mwenye kipaza sauti kumnyamazisha aliyeketi benchi la nyuma. Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu nimewahi kufanya hivyo mimi mwenyewe.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka mitatu ya uchungaji, kwenye usharika mmoja huku kwetu Kagera, juu ya vilima vinavyotazama Ziwa Viktoria. Washarika walikuwa wamechangia saruji ya sakafu ya kanisa. Mifuko sita niliipeleka kwenye nyumba ya mchungaji, sebuleni kwangu, nikajiambia nitairudisha mvua zikipita. Mjane mmoja aliyeuza dagaa akaniuliza mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu, saruji ya sebule yangu imetoka wapi. Jumapili iliyofuata nikahubiri Mithali 16:18, "Kiburi hutangulia uangamivu," na kila nilipolitamka neno kiburi nililitazama benchi lake. Nilihubiri vizuri, mwanangu. Watu walisema amina. Mjane yule aliinamisha kichwa mpaka khanga yake ikamfunika uso.

Mama yangu alikuwa amekuja kunitembelea juma lile. Nikueleze alikuwa mtu wa namna gani, maana ndipo jibu langu lilipo. Alikuwa mwokovu wa ule uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929, kule Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, kila mmoja akijua moyo wake umekauka. Miaka iliyofuata moto ukawaka Gahini, Rwanda, alikokuwa akifanya kazi Church, ukaenea Uganda na Kenya, ukaingia huku kwetu Bukoba. Waokovu walikuwa na maneno yao: kutembea nuruni, kuvunjika, kuja msalabani. Kuvunjika maana yake ilikuwa kusimama mbele ya ndugu na kuita dhambi yako kwa jina, kisha ukaimbiwa "Tukutendereza", ule wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Jambo lililowashangaza wazee wetu kuliko yote ni kwamba wamisionari Wazungu walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi cha rangi yao. Wakati ule, aliyekuwa juu alitangulia kushuka. Mama alinisimulia hilo mara nyingi tangu nikiwa mtoto, nami nilikuwa nikilisikia kama hadithi za zamani.

Basi siku ile tulirudi nyumbani, ndizi zikaivishwa, mama hakula. Aliketi mkekani sebuleni, akawa anapapasa ile sakafu mpya kwa kiganja. Akaniuliza kwa Kihaya, taratibu, "Leo umehubiri kiburi cha nani?" Hakusema neno jingine mpaka tulipolala.

Kesho yake jioni nilikwenda kwa mjane. Nilimkuta uani anachambua dagaa kwenye ungo, mchanga huku, samaki huku, vidole vimejaa magamba. Alinyanyuka akaniletea kigoda cha pekee alichokuwa nacho, yeye akaketi chini. Nikamwambia mifuko ilikuwa sita, na kwamba nilimchapa kwa Neno la Mungu kama fimbo. Aliendelea kuchambua kidogo, kisha akasema, "Mchungaji, mimi nilikuwa nauliza saruji tu."

Maneno hayo sijayasahau. Jumapili iliyofuata niliyarudia madhabahuni pamoja na hesabu ya mifuko, na nililipa kwa mshahara wangu muda wa miezi minne.

Sasa nikujibu. Kuuliza matumizi ya mabati si kiburi. Usiende kupiga magoti madhabahuni kutubia swali hilo. Madhabahu ni mahali pa kweli, na ukitubu dhambi usiyoitenda ili watu wapate amani, utakuwa umemdanganya Mungu mbele ya mashahidi. Katika barua kwa Wakolosai, sura ya 2, Paulo anaonya juu ya kunyenyekea ambako mtu amejitungia mwenyewe. Kuinama kwa kuogopa watu naona ni ndugu wa huko.

Lakini lipo lile neno lako la darasa la nne. Umeliandika mwenyewe bila kulazimishwa, na nadhani linakuwasha. Uliposema vile, ulikuwa bado unatafuta mabati, au ulitaka mkutano uone kwamba wewe unajua na mtunza hazina hajui? Pengine mtunza hazina wenu ni mzee aliyeishia darasa la pili. Mwendee huyo nyumbani kwake, siku ya kazi, bila daftari mkononi. Umwombe radhi kwa sentensi ile moja. Usichanganye na hesabu. Siku hiyo hesabu ziache nyumbani.

Hesabu zina siku yake. Mathayo 18 inakupa njia: kwanza wewe na mchungaji peke yenu, kisha na mtu mmoja au wawili. Ikishindikana, liandikie baraza la wazee barua fupi, uombe stakabadhi na taarifa ya benki zisomwe mbele ya wote waliotoa. Andika kwa heshima, uisaini, ubaki na nakala. Likikwama hapo, ngazi za jimbo na dayosisi zipo. Na mwombee mchungaji wako kwa jina kila siku unapofanya hayo, kwa sababu inawezekana pesa zipo salama na tatizo lake ni aibu tu ya kuulizwa na kijana. Mimi ningepona mapema kama mtu angeniombea badala ya kuniitikia amina.

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nina miaka 26, nahubiri kwenye ibada ya vijana hapa Nakuru. Mahubiri yangu moja yalirekodiwa na yamesambaa sana kwenye simu za watu. Wakinisifu nasema, "Si mimi, ni Bwana." Lakini usiku nimejitazama kwenye ile video mara kumi na moja. Niache kuhubiri? — Binti wa Nakuru

Asifiwe milele, binti yangu. Usiache. Futa video hiyo kwenye simu yako wewe; za wengine ziache zifanye kazi yake.

Hilo jibu la "si mimi, ni Bwana" lipumzishe kwa muda. Ni maneno mema, ila yamezoeleka mdomoni mpaka mtu huyatamka huku akisubiri asifiwe tena, safari hii kwa unyenyekevu wake. Mtu akikushukuru, mwambie ahsante, umwulize habari za nyumbani kwake. Kiburi hakina nafasi kubwa kwa mtu anayesikiliza habari za mgonjwa wa mwenzake. Na 1 Wakorintho 4:7 inauliza, "Una nini usichokipokea?" Sauti hiyo ulizaliwa nayo, kusoma ulifundishwa, na Injili yenyewe uliletewa na watu waliokwisha kufa.

Sisi Walutheri tunakumbuka karatasi iliyokutwa baada ya Martin Luther kufariki kule Eisleben, Februari 1546. Mtu huyu alikuwa ametafsiri Biblia nzima kwa Kijerumani na kuhubiri maelfu ya mara, na alikuwa amehubiri siku chache tu kabla ya kufa. Karatasi ile inamalizika hivi: sisi ni ombaomba, hiyo ni kweli. Nataka uitazame kwa macho ya mhubiri. Ombaomba akipewa sahani akaipeleka kwa ombaomba wenzake, hana sababu ya kukataa kwamba ameibeba, wala hana sababu ya kusema ameipika. Nilipokuwa kijana nilidhani Luther aliandika vile kwa huzuni ya ugonjwa. Sasa nina miaka 70 na ushei, na naona ni maneno ya mtu aliyetua mzigo.

Jambo moja la kufanya. Kila ukimaliza kuhubiri Jumapili, kabla ya Jumatano uwe umekwenda mahali ambapo hakuna anayejua kwamba unahubiri: wodi ya wazazi, bibi asiyeona, popote. Ufue, uteke maji, urudi. Usipige picha.

Mchungaji, mimi ni mzee wa Muheza, magoti yamekufa kwa baridi yabisi. Kwenye maombi yetu ya alfajiri kuna ndugu husema anayemwomba Mungu ameketi ana kiburi. Nifanye nini? — Mzee, Muheza

Pole sana, kaka yangu. Waombe ndugu hao wasome tena Luka 18. Farisayo alisimama, na mtoza ushuru naye alisimama. Hakuna aliyepiga goti pale, na mmoja alishuka nyumbani amehesabiwa haki. Alisimama mbali, macho hakuyainua, akajipiga-piga kifua akisema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Huku kwetu nimeona magoti mengi yakipigwa kwa desturi tu, moyo umesimama wima.

Na kama watataka andiko la kuketi, lipo. Daudi, akiwa mfalme, siku ile Nathani alipomletea ahadi kuu ya nyumba yake, "akaingia ndani, akaketi mbele za BWANA, akasema, Mimi ni nani?" Hiyo ni 2 Samweli 7:18.

Mama yangu miaka yake ya mwisho aliomba ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, mgongo kwenye ukuta wa ile sebule ya saruji. Kaa kwenye benchi lako, kaka. Ukipata mto, weka.